Kasisi Aliyetazama Uani Kwake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya imani na kazi. Mimi si mhubiri. Ni mtumishi wa serikali, na siku zangu hupita kati ya mafaili. Kwa hiyo nitawaeleza habari za mhubiri mmoja, nanyi mtapima wenyewe.

Huyo ni Gilbert White, aliyezaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, akahitimu. Angeweza kutafuta cheo mjini, lakini alirudi kijijini, akaishi katika nyumba ya ukoo wake. Katika kanisa la Selborne alikuwa kasisi msaidizi tu mpaka alipofariki mwaka 1793.

Je, elimu yake ilipotea bure? Sikilizeni. Tangu mwaka 1768 aliweka daftari, akaandika karibu kila siku: mvua iliyonyesha, mmea uliochanua, ndege aliyefika. Aliendelea hivyo miaka 25, mpaka mwezi aliofariki. Kulikuwa na ndege wadogo wa rangi ya kijani-manjano ambao watu waliwadhani ni wa aina moja. Yeye alisimama akasikiliza sauti zao, akatambua kuwa ni aina tatu. Mwaka 1777 aliandika kuwa nyungunyungu, mdudu anayedharauliwa na kila mtu, ndiye anayetoboa udongo na kuulegeza, akaburuta majani chini na kuirutubisha ardhi. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla Charles Darwin hajatoa kitabu chake juu ya nyungunyungu, mwaka 1881. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kasisi huyu aliinama.

Lakini hakujua yote. Kobe aliyemrithi kwa shangazi yake alimwita Timothy, jina la kiume, kumbe baadaye wataalamu walikuta ni jike! Tena alisumbuliwa maisha yake yote na swali la mbayuwayu: wakati wa baridi huenda wapi? Alidhani huenda wengine hujificha humo humo Uingereza. Hakupata jibu la hakika, wala hakujifanya amelipata. Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Uingereza mwaka 1911 alionekana Afrika Kusini mwaka 1912. Na sisi hapa Afrika Mashariki huwaona mbayuwayu wa Ulaya na Asia kila mwaka, wamekimbia baridi ya kwao. Jibu la swali la kasisi lilikuwa likiruka juu ya mapaa ya babu zetu.

Ndugu zangu, hapa kuna Wakristo na kuna Waislamu. Injili ya Mathayo inatuambia tuwatazame ndege wa angani. Kurani ina sura ya Nyuki na sura ya Chungu. Sisi tunaposali huwa hodari wa kuomba: cheo, afya, watoto wafaulu. Ni vyema. Lakini aombaye bila kutazama ni kama mtu anayeandika barua kila siku wala hafungui zile anazoletewa. Nadhani kutazama kwa utulivu kile ambacho Mungu amekiweka mlangoni petu nako ni sehemu ya sala.

Ninyi vijana, neno hili ni lenu hasa. Matokeo ya mtihani yatakapotoka, wengine mtakwenda vyuoni na wengine mtarudi vijijini. Atakayerudi asijione ametupwa, wala wazazi wasimwone hivyo. Anunue daftari. Aandike siku mvua ya kwanza iliponyesha, mdudu gani amekula mahindi na ndege gani amekula mdudu huyo. Baada ya miaka kumi kijiji kizima kitakuja kumwuliza, na huenda bwana shamba naye akaja. Barua za White kwa marafiki wake wawili zilitolewa kuwa kitabu mwaka 1789, na mpaka leo kinasomwa. Waliokuwa na vyeo vikubwa kuliko yeye, wengi wamesahauliwa.

Nanyi wenzangu mnaokaribia kustaafu, ua mnao. Tokeni mkautazame.