Uvimbe wa mishipa ya limfu: sindano badala ya kisu

Mtaa wa Shahe, wilayani Tianhe mjini Guangzhou, unasifika kwa tambi pana za mchele zinazoitwa kwa jina lake, na kwa masoko ya nguo za jumla. Aendaye huko kununua bidhaa huenda akaagizwa na jamaa aulizie pia matibabu. Leo basi tunawaletea maelezo kuhusu uvimbe wa mishipa ya limfu.

Limfu ni majimaji yanayokusanywa mwilini na kurudishwa katika damu. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, baadhi ya mishipa hiyo huweza kuumbika vibaya, ikawa vifuko vilivyojaa maji, hasa shingoni na kwapani. Uvimbe huo kwa kawaida huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Si saratani, hauambukizi, wala si matende, ambayo huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu.

Zamani tiba kuu ilikuwa upasuaji. Lakini vifuko hupenya kati ya neva na mishipa ya damu, na vinavyobaki huvimba tena. Mwaka 1987, madaktari wa Japan walitangaza matokeo ya tiba ya sindano kwa dawa iitwayo OK-432. Nchini China imetumika sana pingyangmisini, dawa ya jamii ya bleomisini. Daktari huongozwa na picha ya ultrasaundi, hunyonya maji, kisha hutia dawa. Kuta za kifuko hugandamana na uvimbe hunywea.

Hata hivyo, tiba hiyo hufaa zaidi vifuko vikubwa. Malengelenge madogo ya juu ya ngozi mara nyingi hutibiwa kwa leza, nayo huweza kurudi. Aidha, pingyangmisini ikizidi huweza kudhuru mapafu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli, mzazi aulize: vifuko ni vikubwa au vidogo? Ni dawa gani, na kwa jumla kiasi gani? Sindano ikihitaji kurudiwa baada ya wiki kadhaa, nani atamhudumia mtoto? Uvimbe usichanjwe wala kuchomwa nyumbani, na mtoto akipumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.