Mbuzi Mmoja Anapokohoa: Mazungumzo na Wafugaji Kuhusu Homa ya Mapafu ya Mbuzi



Mazungumzo ya leo yanahusu ugonjwa ambao karibu kila mwenye mbuzi katika maeneo makavu ya Kenya ameusikia kwa jina la nyumbani kwao. Waturkana huuita loukoi, Wamaasai husema olkipiei, na Wasomali sambab. Madaktari wa mifugo huuita CCPP kwa kifupi. Kwa Kiswahili ni homa ya mapafu ya mbuzi. Majina hayo ya kienyeji hutumika pia kwa homa ya mapafu ya ng'ombe, lakini hayo ni magonjwa mawili tofauti. Chanjo ya ng'ombe haimkingi mbuzi, na ya mbuzi haimkingi ng'ombe.

Ugonjwa huu unaletwa na kijidudu cha jamii ya maikoplasma. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana ni kijidudu kipi hasa. Jibu lilipatikana hapa Kenya mwaka 1976, watafiti MacOwan na Minette walipokipata katika mbuzi wagonjwa. Kwa hiyo si ugonjwa mgeni, wala si laana. Unajulikana na una kinga.

Njia yake ni pumzi. Mbuzi mgonjwa akikohoa, matone madogo hutoka, na mwenzake aliye karibu huyavuta. Ndiyo maana huenea upesi pale mbuzi wanaposongamana: katika boma usiku, kisimani, juu ya lori na mnadani. Nje ya mwili kijidudu hiki hakidumu. Anayekihamisha kutoka wadi moja hadi nyingine ni mbuzi mwenyewe, na mbuzi huyo huenda kwa sababu kuna mtu aliyempeleka.

Dalili huonekana kwa kawaida baada ya siku sita hadi kumi tangu mbuzi aambukizwe, ingawa wakati mwingine hufika wiki tatu au nne. Joto la mwili hupanda hadi nyuzi 41 au zaidi. Mbuzi hubaki nyuma ya wenzake, huacha kula, hukohoa na kupumua kwa shida. Baadaye husimama akiwa ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha na mdomo uko wazi, akitafuta hewa. Katika kundi ambalo halijawahi kuupata wala kuchanjwa, zaidi ya nusu ya mbuzi wanaweza kufa, wakubwa kwa wadogo.

Mbuzi aliyekufa akipasuliwa, ugonjwa huonekana kifuani peke yake. Mara nyingi pafu moja ndilo lililoharibika: limekuwa gumu kama ini na limegandana na mbavu, huku kifua kimejaa maji ya rangi ya majani makavu. Kazi ya kupasua aachiwe afisa wa mifugo. Ugonjwa huu haumpati binadamu, lakini nyama ya mzoga si ya kuliwa, kwa kuwa mfugaji hawezi kujua kwa macho ni nini kingine kilichokuwamo.

Wengi huuchanganya na PPR, yaani sotoka ya mbuzi na kondoo. PPR huletwa na virusi. Huwapata kondoo pia, hutoa machozi na kamasi, huleta vidonda mdomoni na kuharisha. Homa ya mapafu hukaa kifuani, na wanaougua hasa ni mbuzi. Mfugaji akimweleza afisa tofauti hizi kwa simu, anamwokolea muda mwingi.

Sasa kuhusu dawa. Mfugaji huenda duka la dawa za mifugo na kununua penisilini, kwa kuwa ndiyo anayoijua. Penisilini hufanya kazi kwa kubomoa ukuta wa kijidudu, na maikoplasma haina ukuta huo. Pesa imekwenda, na mbuzi amekufa. Zipo dawa zinazosaidia, kama oksitetrasaiklini na tailosini, zikianzwa mapema, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mnyama na kwa siku zote alizoandika daktari. Anayeacha sindano kwa sababu mbuzi ameanza kula humrudisha kwenye hatari. Na hata aliyepona anaweza kubaki na kijidudu na kuambukiza wengine. Maziwa na nyama ya mnyama aliyetibiwa visitumiwe hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Kinga bora ni chanjo. Chanjo ya ugonjwa huu ilitengenezwa na watafiti hapa Kenya katika miaka ya 1980, na leo hutolewa na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Kinga yake hudumu karibu mwaka mmoja, kwa hiyo aliyechanja mwaka juzi hana kinga leo. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyoachwa juani juu ya pikipiki haifai hata kama chupa haijafunguliwa. Tena chanjo haimponyi mbuzi ambaye tayari ameambukizwa. Wakati wake ni kabla ya kikohozi.

Linabaki jambo gumu kuliko yote. Mfugaji ana mbuzi arobaini. Watatu wamekohoa jana, karo ya shule inadaiwa, na mnada ni kesho kutwa. Anajua akitoa taarifa huenda karantini ikawekwa na mnada ukafungwa. Akinyamaza, anaweza kuuza wale wanaoonekana wazima na kupata chochote. Hofu hiyo ina msingi, na hakuna haja ya kuidharau. Lakini hesabu yake ifanywe hadi mwisho. Wale wanaoonekana wazima huenda tayari wana kijidudu, na wanunuzi wao ni majirani, mashemeji na watu wa wadi ya pili. Baada ya wiki chache kikohozi kiko kila mahali. Karantini iliyoogopwa inakuja, sasa kwa eneo zima na kwa muda mrefu zaidi. Malisho na visima ni vya pamoja, hivyo ugonjwa alioutuma mnadani unaweza kumrudia kisimani.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa amtenge na atoe taarifa bila kuchelewa. Katiba ya 2010 imeiweka kazi ya kudhibiti magonjwa ya wanyama mikononi mwa kaunti. Kila upande una wajibu, na wa kwanza kuchukua hatua ni yule anayelala karibu na boma.

Hatua ni hizi. Mbuzi wanaokohoa watengwe siku hiyo hiyo, na wachungwe na kunyweshwa mbali na wengine. Afisa wa mifugo wa wadi, au chifu, aarifiwe. Kundi lisihamishwe, lisiuzwe wala lisigawanywe kwa ndugu hadi afisa aseme. Mbuzi mpya, awe wa kununuliwa, wa mahari au wa zawadi, akae peke yake wiki nne kabla ya kuingia bomani. Asafirishaye awe na kibali.

Mara nyingi mtoto anayechunga ndiye huona kwanza mbuzi aliyebaki nyuma. Jioni akirudi na kusema kwamba mmoja anakohoa, asikilizwe, maana huenda yeye ndiye ameokoa kundi la kijiji kizima.