Miwani ya Namba Kubwa: Tuanze na Fremu

 

Kwetu sisi Wahindu, kuja hekaluni ni kuja kuona. Darshani ni kuitazama sanamu takatifu na kutazamwa nayo. Mwenye macho ya hasi 10, ambaye bila miwani huona wazi hadi sentimita 10 tu, ataona nini cha aarti akiwa nyuma ya ukumbi?

Lenzi ya asiyeona mbali huwa nyembamba katikati na nene ukingoni. Ili kupunguza unene huo, wengi hukimbilia plastiki ya 1.67, inayopinda mwanga zaidi kuliko ya kawaida ya 1.50, na bei hupanda. Sisi tunasema fremu kwanza. Tuichukue lenzi ya hasi 10 yenye kipenyo cha milimita 50. Kwa plastiki ya kawaida, ukingo huzidi katikati kwa milimita 6 na kidogo. Kwa ile ya 1.67, ziada hushuka hadi karibu 4.7. Lakini kwa fremu ya mviringo ya milimita 40, plastiki ile ile ya kawaida huzidi kwa milimita 4 tu! Vijana watasema hiyo ni miwani ya babu. Na waseme.

Sharti ni kwamba mboni ikae katikati ya lenzi. Ikikaa kando, upande mmoja hunenepa. Kwa hiyo umbali kati ya mboni mbili upimwe, usikisiwe. Fremu nayo isiteleze puani, kwani lenzi hiyo ikisogea mbali na jicho, nguvu yake hupungua. Mwenye uwezo na aongeze 1.67 juu ya fremu ndogo, pamoja na utando wa kuzuia mng'ao, maana plastiki hiyo huakisi mwanga zaidi.

Liko jambo ambalo miwani hailirekebishi. Jicho la namba kubwa aghalabu limerefuka, na retina yake imevutika ikawa nyembamba. Ukiona ghafla vimweko vya mwanga, madoa mengi meusi yanayoelea, au kivuli kama pazia upande mmoja, retina huenda inabanduka. Usiende dukani kubadili miwani, wala usingoje Jumatatu. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko jirani nasi na ina idara ya macho. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama aarti haijaisha.