Mwenzako Akishindwa, Nani Atalipa?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kiamaiko)



Hapa Kiamaiko riziki yetu inakuja kwa magurudumu. Mbuzi wanaletwa na malori kutoka kaskazini, nyama inapelekwa buchani kwa pikipiki na pikapu. Kwa hivyo si ajabu mwanachama kutamani gari la mkopo. Leo tuangalie jambo ambalo mnunuzi haelezwi pale yadi.

Tuseme pikapu ni shilingi 600,000. Mama analipa 200,000. Kampuni ya mikopo inamlipa mwenye yadi zile 400,000 zilizobaki, na mama anailipa kampuni kila mwezi, na riba juu. Hayo anayajua. Lakini mara nyingine kuna mkataba wa pili, kati ya kampuni na mwenye yadi peke yao: mnunuzi akishindwa, mwenye yadi alipe deni lililobaki, achukue gari, aliuze tena. Akipata hasara, anaweza kumfuata mnunuzi amdai pengo.

Ndiyo maana mwenye yadi kama huyo anataka malipo makubwa ya kwanza, na wadhamini. Si roho mbaya. Mkopo ukiharibika utamrudia yeye.

Sasa sikilizeni. Kikundi kikimwekea mwanachama sahihi ya udhamini, kimekalia kiti kile kile cha mwenye yadi. Tofauti ni kwamba yeye amekwisha kupata faida ya kuuza gari. Sisi tunabeba mzigo mtupu. Deni likibaki 300,000 na gari likauzwa mnadani kwa 220,000, zile 80,000 zitatoka kwenye akiba ya kina mama.

Kabla ya sahihi tuulize: Deni linashikwa na nani? Nani mwingine amedhamini? Udhamini wetu unaishia shilingi ngapi? Majibu yaandikwe.

Tujue pia haki yetu. Chini ya Sheria ya Kununua kwa Kukodi, Sura ya 507, mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, gari halichukuliwi kwa nguvu bila kesi mahakamani. Lakini si kila mkopo wa gari uko chini ya sheria hiyo. Uliza kwanza.

Ya kujadiliana kikundini:
1. Tumemdhamini nani sasa, na kwa kiasi gani?
2. Akishindwa mwezi ujao, pesa zitatoka wapi?