Kasi Huandaliwa Kabla ya Tukio

Wahitimu, wengi wenu mtaajiriwa kulisha kurasa za kampuni kwenye uzinduzi wa bidhaa, mikutano ya wawekezaji na maonyesho kama Sabasaba. Mtaambiwa kwamba mshindi ni anayeposti kwanza. Nawasihi mlipime neno hilo, kwa sababu kasi yenye faida hutengenezwa kabla ya tukio, na dakika za ukumbini ni za kuhakiki.

Tarehe 3 Februari 2013, umeme ulikatika kwa dakika 34 katikati ya Super Bowl, fainali ya soka la Kimarekani, mjini New Orleans. Giza halijaisha, Oreo ilikwisha kuposti picha ya biskuti yake, na maneno ya kukumbusha kwamba hata gizani inachovyeka. Dunia ilisifu wepesi ule. Lakini waandishi, wachoraji na wenye mamlaka ya kuidhinisha walikuwa wameketi pamoja tangu mapema. Bila hao wa mwisho, wazo lile zuri lingesubiri hadi taa ziwake. Kinyume chake, Februari 2023 Google iliitambulisha Bard, programu yake ya mazungumzo ya akili mnemba, kwa tangazo lililodai kuwa darubini ya James Webb ndiyo iliyopiga picha ya kwanza ya sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua. Picha hiyo ilikwisha kupigwa mwaka 2004 kwa darubini iliyoko Chile. Kosa lilipofichuka, siku ya hafla yao ya Paris, thamani ya Alphabet, kampuni mama ya Google, sokoni ilishuka kwa takriban dola bilioni 100. Dai lile lingeweza kuhakikiwa kwa dakika chache.

Yupo atakayesema mtandao haumsubiri mhakiki, na kesho mada imepoa. Ana hoja. Ila majina ya wazungumzaji, vyeo vyao, ratiba na bei hujulikana tangu jana yake. Yaandikeni usiku huo, ili ukumbini ibaki kauli ya jukwaani, ambayo mtairudia kwenye rekodi kabla ya kuinukuu. Mwingine atasema kosa hufutwa. Chapisho hufutwa, lakini nakala zilizokwisha kupigwa kwenye simu za watu hazifutiki. Tena Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2023: mkulima aliyefika bandani kuulizia bei ya trekta hakuja kuwa tangazo, basi aombwe ridhaa kabla picha yake haijapostiwa.

Kwa hiyo, mkipewa kazi ya tukio lolote, ulizeni kwanza nani ataidhinisha machapisho na atakuwa ameketi wapi. Akiwa hayupo, mwambieni mwajiri amteue kabla milango haijafunguliwa.