Kasha la Chujio la Hewa na Jina Lake Forodhani

Dereva wa jeshi anajua kwamba gari haliendi kwa mafuta peke yake. Injini ya petroli, ili iunguze lita moja ya mafuta, huvuta kiasi cha lita 10,000 za hewa. Ikiwa barabara ni ya vumbi, vumbi hilo huingia pamoja na hewa. Na lisipozuiwa hukwangua silinda na pistoni mpaka injini ikaanza kula oili, ikapungukiwa nguvu, na mwishowe ikafa. Kazi ya kulizuia ni ya chujio la hewa. Na kazi ya kulishika chujio mahali pake, pasiwe na ufa wa kupitisha hewa chafu pembeni, ni ya kasha lake, lile boksi la plastiki au la bati ambalo fundi hulifungua anapotaka kulisafisha chujio au kulibadilisha.

Kifaa hiki kimewahi kulitia jeshi kubwa matatani. Mwaka 2001 jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi pamoja na jeshi la Oman katika jangwa la nchi hiyo. Vifaru vya Uingereza vya aina ya Challenger 2 vilikuwa havijatengenezwa maalumu kwa ajili ya jangwa, na baadhi ya machujio yake ya hewa ilibidi yabadilishwe baada ya saa 4 tu za kazi. Askari wa Rwanda, waliotumwa Darfur kuanzia mwaka 2004, nao hawahitaji kuambiwa vumbi ni nini.

Lakini kabla kasha hilo halijafungwa katika gari mjini Kigali, lina safari nyingine, na katika safari hiyo adui yake si vumbi. Rwanda haina bandari ya bahari. Shehena yake hushuka Dar es Salaam na kusafiri karibu kilometa 1,500 hadi Kigali kwa kupitia Rusumo, au hushuka Mombasa na kusafiri kama kilometa 1,700 kwa kupitia Gatuna. Katika safari hiyo kila bidhaa lazima itangazwe kwa maofisa wa forodha, itajwe jina, na ipewe namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Kwa hiyo linazuka swali ambalo kwa mtu wa kawaida ni dogo, lakini kwa Hazina ya nchi si dogo hata kidogo: je, kasha la chujio la hewa ni sehemu ya gari, au ni sehemu ya chujio?

Mfanyabiashara atasema kwamba hiyo ni spea ya gari, kwa kuwa ameinunua katika duka la spea na itafungwa katika gari. Mwingine atasema kwamba ni plastiki, kwa sababu imetengenezwa kwa plastiki. Wote wawili wanasema wanachokiona. Lakini forodha haiendeshwi kwa macho, huendeshwa kwa kanuni. Na kanuni zenyewe si za Rwanda peke yake. Nchi nyingi duniani hufuata Mfumo Linganifu wa kuainisha bidhaa, uliokubaliwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, chini ya usimamizi wa Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu 6 za mwanzo za namba ya bidhaa ni zile zile Kigali, Nairobi, Muscat na Paris.

Katika mfumo huo, magari na sehemu zake yamo katika Sehemu ya 17, na spea nyingi za gari zimo katika fungu la 87.08. Hata hivyo, mwanzoni mwa Sehemu hiyo yapo maelezo yenye nguvu ya sheria. Maelezo hayo yanasema wazi kwamba mashine na vyombo vilivyotajwa katika mafungu ya 84.01 hadi 84.79, pamoja na sehemu zake, havihesabiwi kuwa sehemu za magari, hata kama vimetengenezwa kwa ajili ya magari. Vyombo vya kuchujia vimo katika fungu la 84.21. Chujio kamili la hewa ya injini lina namba yake, 8421.31. Kasha linaloletwa peke yake, bila ya chujio ndani, nalo ni sehemu ya chombo cha kuchujia, na mahali pake ni 8421.99. Dai la plastiki nalo haliwezi kusimama, kwa kuwa maelezo ya Sura ya 39, iliyo ya plastiki, yanaziondoa katika sura hiyo bidhaa ambazo tayari zimewekwa miongoni mwa mashine.

Askari wa vikosi vya vifaru wataona jambo la ajabu hapa. Vifaru na magari ya deraya yana fungu lake, 87.10, pamoja na sehemu zake. Lakini fungu hilo limo katika Sehemu ile ile ya 17. Kwa hiyo kasha la chujio la hewa la kifaru haliitwi sehemu ya kifaru. Nalo huenda 84.21, sawasawa na kasha la gari dogo la teksi. Kanuni haitazami ukubwa wa mwenye mali, wala haitishwi na rangi ya gari.

Yafaa kueleza kwa nini jambo hili lina uzito. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2009 ikaanza kutumia Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya. Kwa kawaida viwango vya ushuru huo ni asilimia 0, 10 na 25. Na tangu Julai 2022 kimeongezwa kiwango cha asilimia 35. Chukua mfano wa shehena yoyote yenye thamani ya faranga 1,000,000. Ikiwekwa katika namba ya asilimia 10, hulipa ushuru wa faranga 100,000. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, nayo huwa faranga 198,000. Shehena hiyo hiyo ikisukumwa katika namba ya asilimia 25, ushuru huwa faranga 250,000 na kodi huwa faranga 225,000. Tofauti ni faranga 177,000, mbali na tozo nyingine. Na tofauti hiyo yote imeletwa na namba tu. Bidhaa haikubadilika, wala uzito wake, wala bei yake.

Ni dhahiri basi kwamba upotovu unaweza kutoka pande mbili. Mjanja aweza kuchagua namba ya ushuru mdogo huku akijua kwamba si yake, na hapo huiibia Hazina inayolipa mishahara ya walimu, wauguzi na askari wenyewe. Na ofisa mvivu, au mwenye tamaa, aweza kulazimisha namba ya ushuru mkubwa, na hapo humdhulumu mfanyabiashara mwaminifu, ambaye mwishowe hupandisha bei kwa mwenye gari. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa. Lakini sheria hiyo hiyo inampa asiyeridhika na uamuzi siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya. Haki imewekewa mlango pande zote mbili.

Polisi wana sehemu yao katika kazi hii, kwa maana Polisi ya Taifa ya Rwanda hushirikiana na Mamlaka ya Mapato katika kulinda mapato ya nchi na kupambana na magendo. Polisi anayesimamisha lori hatakiwi kuzikariri namba zote. Anatakiwa kujua kwamba neno "spea" katika karatasi halitoshi, na pia kwamba mtu aliyekosea namba si lazima awe mwizi. Kutofautisha kosa na hila ni kazi ya uchunguzi, si ya hasira.

Jeshi nalo lina wajibu wake. Majeshi ya nchi wanachama yamo miongoni mwa waliosamehewa ushuru kwa vifaa vya matumizi rasmi. Lakini msamaha wa ushuru si msamaha wa ukweli: bidhaa hutangazwa kwa jina lake na namba yake hata kama haitalipiwa. Kasha lililosamehewa kwa ajili ya gari la kikosi, likionekana katika duka la spea mjini, limegeuka kuwa magendo, na aliyelitoa ghalani amelisaliti gwanda lake.

Dawa ya matata haya inajulikana. Tarehe 22 Februari 2017 Rwanda, pamoja na Oman, Chad na Jordan, iliwasilisha hati za kuuridhia Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, na kwa hati hizo mkataba ukapata idadi ya kuanza kufanya kazi siku ile ile. Mkataba huo unataka mwagizaji aweze kuuliza mapema, kabla mzigo haujafika, bidhaa yake ni ya namba gani, naye apewe jibu la maandishi linaloifunga forodha yenyewe. Anayeuliza kabla hana sababu ya kuhonga baadaye, na ofisa aliyekwisha kujibu kwa maandishi hana nafasi ya kubadili neno lake mbele ya lori.

Kasha la chujio la hewa huilinda injini kwa kuziba mianya. Forodha huilinda Hazina kwa njia hiyo hiyo, nayo huanza kazi yake kwa kuita kila kitu kwa jina lake.