Kiraka cha Bawa la Ndege



Nimeombwa niseme machache juu ya ndege ambazo watu hujiundia wenyewe. Nyingi hazikuvishwa bati. Air Camper, ambayo Bernard Pietenpol wa Minnesota, Marekani, aliirusha mwaka 1929 kwa injini ya gari la Ford, ni mbao zilizovishwa kitambaa. Siku hizi kitambaa hicho aghalabu ni poliesta, nacho hukazwa kwa pasi hadi kilie kama ngoma.

Basi kikitobolewa na jiwe au bisibisi iliyoponyoka, fundi mwenye haraka hukimbilia gundi. Mimi nasema atafute tochi kwanza, achungulie: je, ubavu wa bawa umepasuka? Ubavu uliovunjika ukishafunikwa kwa kiraka kizuri (na mafundi wetu hupenda sana kusifiwa viraka) hauonekani tena, labda mpaka ndege iko angani.

Ubavu ukiwa mzima, kazi ni nyepesi. Rangi huondolewa kandokando ya tundu. Kiraka cha kitambaa kilekile, chenye pembe za mviringo, hupita tundu kwa sentimita 5 kila upande, kikabandikwa kwa gundi ya aina iliyotumika tangu mwanzo. Gundi ngeni huenda isishike, na upepo wa pangaboi hauna huruma. Pasi ipimwe joto: nyuzi 120 za sentigredi zatosha kulaza kingo, zikipita 180 kitambaa hulegea, wala hakikazi tena.

Kisha aandike katika daftari la ndege tarehe, mahali pa kiraka, na alichokiona ndani.